Mtani Haulizwi

Kila mwaka tukifika kwenye tanzia huwasimulia wanafunzi wangu tamthilia niliyoicheza nikiwa kidato cha tatu, na kila mwaka mmoja wao hunyoosha mkono na kuuliza swali lilelile: Mwalimu, yule msiri aliulizwa na mfalme uso kwa uso, kwa nini hakusema kweli? Nami hujibu jinsi mitihani inavyotaka. Wivu. Tamaa. Udhaifu wa binadamu. Andikeni. Wanaandika, nawawekea vema kwa kalamu nyekundu, kisha natoka nje kunywa maji. Katika walimu wote wa hapa Nangurukuru, mimi ndiye nisiyestahili kabisa kufundisha mada hiyo. Swali la mfalme niliwahi kuulizwa mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kwa jibu nililotoa, afadhali msiri aliyenyamaza.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani. Nakala ilikuwa moja shule nzima, imeng'oka jalada, hata jina lake hatukulijua. Sisi tuliiita "ile ya malkia". Mfalme ana mke mwaminifu. Mke huyo ana msiri wake, mwanamke aliyelelewa naye, wakila sahani moja. Msiri anaingiwa na wivu, anaanza kumdokeza mfalme nusunusu kwamba malkia ana mtu. Hasemi yote. Anasema kidogo, anameza mengine, anaacha mfalme ajimalizie mwenyewe. Mwisho mfalme anamletea mkewe kikombe cha sumu mbele ya baraza, na malkia anakunywa taratibu, macho yake kwa msiri, akiamini kwamba kabla ya tone la mwisho rafiki yake atasema. Msiri anatazama chini. Basi.

Shule yetu ilikuwa juu huko milimani, upande wa Kipatimu, na mwalimu wa Kiswahili aliandika maneno yote ubaoni tukanakili. Niliitaka sehemu ya malkia mpaka nikakonda. Nilikariri maneno yake yote kabla hata ya majaribio, nikayasema mtoni, nikayasema jikoni mpaka mama akaniuliza nimepatwa na nini. Mwalimu akampa mtani wangu, ambaye hakuwa amekariri mistari miwili.

"Wewe una uso wa kuaminika," akaniambia. "Msiri lazima aaminike, la sivyo tanzia hakuna."

Alikusudia kunisifu. Mimi nilisikia tusi, na nilikaa nalo.

Siku ya maonyesho walikuja watu wa vijiji vyote vya jirani. Mtani wangu alikosea maneno mara tatu, na hakuna aliyejali, maana alikuwa na kitu ambacho hakikaririwi: akisimama mahali, watu wanamtakia heri. Aliponyanyua kikombe, wanawake walilia. Mimi nikatazama chini kama nilivyofundishwa, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akanitupia kandambili. "Sema, wewe! Mwenzio anakufa!" Ukumbi mzima ukamuunga mkono yule bibi. Baada ya hapo wote walimkumbatia malkia. Mimi walinipiga piga begani wakacheka: mbaya wewe, mbaya sana wewe. Ilikuwa sifa, najua. Nenda wewe kalale na sifa ya namna hiyo ukiwa na miaka kumi na saba.

Nimesema mtani wangu, na kwa wasiokulia kwetu niseme neno hili linabeba nini. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani anaweza kukutukana baba na mama hadharani, akabeba kuku wako, akakalia kinu chako siku ya msiba na kugoma kuinuka mpaka umbembeleze, nawe huna haki ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Ninyi babu zenu walimkimbia fisi wakawaacha wake zao mlangoni," naye hujibu, "Na ninyi ndio mliokuwa fisi." Hivyo ndivyo tulivyosalimiana maisha yetu yote. Lakini haki hiyo ina upande wake wa pili ambao siku za furaha hakuna anayeutazama. Mtani haombi radhi. Ataomba radhi ya nini, na yeye hakukosa?

Tulipomaliza shule, mimi nikaenda chuo cha ualimu na nikapangiwa Nangurukuru. Yeye akaolewa Miteja, na mkulima wa mikorosho, mwanamume mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa yaliyosimama kama mishikio ya sufuria. Nilimtania nayo siku ya harusi. Alicheka. Alikuwa na mambo yake machache ambayo hayakujadilika, na moja lilikuwa hili: hakutaka mkewe akae barabarani. Nangurukuru ni njia panda, alisema, malori na mabasi yanashinda pale, na mwanamke anayekaa njia panda hutajwa na kila anayepita.

Mkewe alitaka kazi ya mikono. Korosho huingia mara moja kwa mwaka na tumbo huingia njaa mara tatu kwa siku, hivyo ndivyo alivyosema. Alipopata mimba ya kwanza akaanza kuhudhuria kliniki, na kliniki ikawa ndiyo njia. Miadi ilikuwa mara moja kwa mwezi. Yeye akaja Nangurukuru kila wiki. Alifikia chumbani kwangu, akala, akavua viatu miguu ipumzike, kisha akaenda kwa fundi mmoja mwenye kibaraza karibu na stendi kujifunza cherehani. Jioni haijaingia alikuwa amerudi kwake. Siri hiyo ilikuwa ya watu watatu: yeye, fundi, na mimi.

Niliipenda siri ile. Wiki ilikuwa ndefu, na mchana wa siku yake nilikuwa natoka darasani mbio. Nilikuwa sijaolewa. Posa moja ilikuja ikarudi, nayo haina haja ya kuelezwa hapa. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na droo moja, na siku akija kilikuwa na mtu.

Siku moja alikuja na uzi. Uzi mweupe wa kawaida wa pamba, mrefu kidogo, una mafundo matatu.

"Nini hiki?" nikamwuliza.

"Mume wangu," akasema, akacheka mpaka akashika tumbo.

Alikuwa amempima akiwa amelala. Mumewe alirudi kutoka shambani, akala, akajinyoosha mkekani adhuhuri, na mwanamke huyu mwenye mimba ya miezi saba akapiga magoti ubavuni kwake na uzi mkononi, akaziba pumzi, akapima. Fundo la kwanza, upana wa mabega. Fundo la pili, urefu wa mkono. Fundo la tatu, kifua, hilo alisema nusu amekisia maana alikuwa hawezi kumgeuza. Nguo ya kwanza ya mikono yake itakuwa shati la mumewe, rangi ya maziwa, na atamwambia ameinunua mnadani. Siku akishaizoea na kuisifu, ndipo atamwambia nani aliyeishona, aone kama bado atakataa cherehani.

Fundi alipomaliza kunakili vipimo, akaurudisha uzi, naye akaniachia mimi. "Nitunzie. Nyumbani ataukuta." Nikauweka kwenye droo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mwenye kuharibu ni mimi. Alipoondoka, nilifungua droo nikautazama ule uzi. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipima nikiwa nimelala. Hilo ndilo wazo lililonijia, kwa maneno hayohayo, na kuanzia hapo likawa halitoki. Mpaka leo sijui nilimwonea wivu yeye kwa kupata mume wa kupimwa, au nilimwonea wivu mumewe kwa kuwa na mtu wa kumzibia pumzi. Nadhani vyote viwili, na siku nyingine nadhani ni la pili zaidi. Niliyemdhania kuwa anakuja kwangu, kumbe kila wiki alikuwa anamfuata mumewe, akipitia kwangu kuvua viatu.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Zilipotimia siku arobaini, Miteja walichinja mbuzi, wakamnyoa mtoto nywele, na watu wakaalikwa. Nilikwenda kama mtani, yaani nilikwenda kufanya fujo kwa haki yangu. Nilimnyakua mtoto mikononi mwa shangazi yake nikakimbia naye uani, nikasema simrudishi mpaka nipewe paja la mbuzi. Watu wakacheka. Nikapewa mfupa, nikaukataa, wakacheka zaidi. Mtani wangu alikuwa amekaa mkekani, amepakwa manukato, uso wake unang'aa kwa kupumzika. Mumewe alisimama nyuma yake. Alikuwa amevaa shati la rangi ya maziwa, limemkaa sawasawa mabegani.

Kila mtani hutania kuhusu baba wa mtoto. Ni utani wa kale, hauna jino. Unasema mtoto huyu ni wangu mimi, au ni wa mchungaji wa mbuzi, baba anajifanya kukasirika, mambo yanakwisha. Mimi nilimnyanyua mtoto juu watu wamwone nikasema:

"Masikio haya ya nani? Mbona ni madogo hivi? Haya si masikio ya Miteja jamani, haya ni masikio ya Nangurukuru!"

Kicheko. Ningeishia hapo ningekula nyama yangu na kuondoka, na hadithi isingekuwapo. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi, kwa mara ya kwanza mimi, na ulimi ulishapata mteremko.

"Shemeji," nikasema, nikageuka kwa mumewe, "hata hilo shati lako limeshonwa kwa mapenzi. Kamwulize fundi wa stendi alilipimaje."

Wakacheka wote, isipokuwa wawili. Mtani wangu alinitazama. Na mumewe akainamisha kichwa polepole akalitazama shati lake, vifungo, kisha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kama mtu aliyeambiwa ana mdudu.

Nilijua nilichofanya. Wengine husema waliteleza, mimi sikuteleza. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kazi ile kwa muhula mzima nikiwa kidato cha tatu: sema kidogo, meza mengine, mwache ajimalizie. Ila nilidhani, na hili Mungu analijua, kwamba atanuna wiki moja, mkewe atamweleza kuhusu cherehani, na zile safari za Nangurukuru zitakatwa, naye mtani wangu ataonja kidogo upweke ninaoujua mimi. Nilitaka wiki moja tu ya huzuni yake. Ndivyo nilivyopanga.

Kumbe alimweleza usiku uleule, na hakuaminiwa. Ukweli wake ulikuwa umechelewa. Alisema alikuwa anajifunza kushona, na mumewe akauliza mbona alisema kliniki. Alisema shati ameshona yeye, na mumewe akauliza mbona alisema mnadani. Kila alichokificha kwa mapenzi kilitoka kikiwa na sura ya ushahidi.

Siku ya nne mumewe alikuja kwangu. Nilikuwa nimerudi kutoka darasani, chaki bado iko vidoleni. Hakutaka kukaa. Shati lilikuwa mkononi mwake, limekunjwa.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mwalimu, na ni mtu wake. Nakuuliza na nitashika utakachosema. Yale ya siku ile ni utani au kweli?"

Droo ilikuwa nusu hatua kutoka mkono wangu wa kulia. Ningeifungua, ningetoa uzi, ningemwambia simama wima shemeji, tazama, fundo hili ni mabega yako. Lisingechukua muda wa kuchemsha chai. Na mimi, niseme ukweli ulivyo, nilifurahi. Mtu mzima ametoka Miteja kwa ajili ya neno langu, amesimama mlangoni pangu, maisha yake yananingoja. Malkia hajapata kutazamwa hivyo.

Nikacheka. Nikasema, "Ah, shemeji! Mtani haulizwi."

Ni msemo wetu wa kawaida. Siku nyingine unamaanisha usijali, ni mchezo. Siku ile aliusikia vingine, na mimi nilimwona anavyousikia, na nikanyamaza. Akasema, "Sawa." Alipotoka nilimwona anafuta vumbi la siti ya pikipiki yake kwa lile shati, kisha akalitia mfukoni kama tambara.

Alimpa talaka moja. Watu wazima wa Miteja walimsihi amrejee kabla eda haijaisha, hakumrejea. Mtani wangu alipanda Kipatimu kwa mama yake na mtoto mgongoni. Baba hakumfuata mtoto, wala siku moja. Kijijini wakamwita yule mtoto "mtoto wa fundi".

Nilikwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anamnyonyesha mtoto, nikaanza, akanikatiza kwa matusi ya utani, babu zangu na fisi wao, mpaka mama yake akacheka na mimi nikashindwa. Mara ya pili alikuwa ameshapata cherehani ya mitumba, ameiweka barazani, anashona sare za shule. Nilisema tu, "Mtani, siku ile," naye akakanyaga pedali kwa nguvu, kelele zikajaa baraza. Mara ya tatu nilishika mkono wake.

"Usiniombe radhi," akasema. Hakuwa anatania. "Wakinijia hapa kuniambia wewe ndiye uliyeniharibia, nawajibu mtani hana kosa. Ndivyo ninavyolala. Ukiniomba radhi, nitajua haukuwa utani."

Nikaachia mkono wake. Alinitengea ugali na kisamvu, nikala. Tangu siku hiyo nikawa naenda kila likizo, nabeba sukari na vitambaa, tunatukanana, tunacheka, na mtoto ananiita mama mdogo. Mtu angetuona angesema hawa wanapendana, na ni kweli tulipendana. Yeye alinilinda miaka yote ile kwa kutojua kwa makusudi. Sijaona uaminifu mwingine wa namna ile, na ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ningeweza kwenda Miteja. Hilo ndilo wanafunzi wangu wangeuliza kama wangejua. Kutoka hapa si mbali. Nilikuwa na uzi kwenye droo na miguu miwili mizima. Mwaka wa kwanza nilisema hasira zake zipoe. Mwaka wa pili alioa mke mwingine, nikasema sasa nitavunja nyumba ya pili. Baadaye nikasema yamepita. Mtoto alikua, na masikio yake, ambayo nilisema ni madogo, yalikua pamoja naye, yakasimama kama mishikio ya sufuria. Kila mtu wa Kipatimu aliyaona. Aliyetakiwa kuyaona hakupanda mlima.

Mtani wangu aliugua akiwa bado kijana. Ugonjwa ulianza kama uchovu. Mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa kitandani, amekuwa mwepesi, lakini ulimi uleule.

"Nikifa, wa kuniigiza ni wewe," akasema. "Usinikosee mwendo." Kisha akaongeza: "Si uliitaka sehemu yangu tangu kidato cha tatu?"

Kumbe alijua. Alijua kabla ya mimi kujijua.

Habari ilinikuta darasani. Nilipofika juu walikuwa wameshamzika. Mumewe wa zamani naye alikuja, maana maiti hasusiwi, akakaa na wanaume chini ya turubai kwa siku zote tatu, amenenepa, ndevu zimeanza mvi. Siku ya tatu ndiyo ya kumaliza matanga, na kwetu siku hiyo hutoka mtani. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, mpaka waliolia siku tatu wacheke na kurudi makwao wakiwa watu. Wanawake wakaniletea kanga yake, kitambaa chake cha kichwa na futi yake ya kupimia. Nikajipaka unga usoni kama inavyopasa. Katika kifundo cha kanga niliyokuja nayo nilikuwa na uzi.

Nilitoka. Sikumkosea mwendo. Aliinamia kulia kidogo kwa sababu ya miaka ya pedali, aliishika kanga kwapani kwa vidole viwili, alibana midomo kama mwenye pini. Hatua kumi tu na ua mzima ulikuwa unacheka na kulia. "Ndiye! Wallahi ndiye!" mama yake akapiga kelele, akajifunika uso. Nilimshonea mmoja kaptula ya kufikirika, nikamgombeza mwingine kwa kuleta kitambaa kifupi. Nilikuwa mzuri. Nilikuwa malkia hatimaye, na watu walikuwa wananitakia heri.

Mtani hana mpaka, huvuka kutoka kwa wanawake hadi kwa wanaume. Nikavuka. Nikaenda mpaka alipokaa mumewe wa zamani.

"Simama wima, mume wangu," nikasema kwa sauti ya marehemu. "Siku ile nilikupima umelala."

Turubai zima likaangua kicheko. Alisimama, kwa kuwa mtu hamkatalii mtani. Nikafungua kifundo, nikatoa uzi, nikauweka begani kwake, ncha hadi fundo la kwanza. Haukufika. Ulipungua vidole vinne.

"Kanenepa!" mwanamke mmoja akapayuka. "Wali wa bi mdogo huo!" Watu wakashika mbavu.

Nikaendelea. Sikuwa tena na njia ya kurudi, wala sikuitaka. "Uzi huu ndio uliopimia shati lako la rangi ya maziwa. Nilishona mimi kwa mikono yangu, nikakudanganya mnadani. Fundi alinifundisha cherehani, hakunifundisha kingine. Mtoto ni wako, tazama masikio. Na mtani wangu alijua yote. Ulipokwenda kumwuliza, uzi huu ulikuwa kwenye droo yake, naye akakucheka."

Vigelegele. Makofi. Nikasikia mzee mmoja anasema, "Huyu kiboko, anajitania hata mwenyewe!"

Yeye hakuwa anacheka. Aliushika uzi, akayapapasa mafundo kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu. Akaniinamia, akauliza taratibu, maneno yaleyale:

"Mtani, hayo ni utani au kweli?"

Nikaiacha sauti ya marehemu. Nikasema kwa yangu. "Kweli, shemeji. Wallahi ni kweli."

Alinitazama. Aliona nini? Mwanamke mwenye unga usoni, kanga ya maiti kiunoni, futi shingoni, na nyuma yake watu wanajifuta machozi ya kicheko. Miaka kumi na minne ilikuwa begani kwake, ametoa talaka, ameoa, amekana damu yake. Ili aniamini ilimbidi ayabebe yote hayo palepale, mbele za watu. Nikaona anavyotafuta mlango, na mlango nilimchongea mimi mwenyewe zamani.

Akatabasamu. Akanirudishia uzi mkononi.

"Mtani haulizwi," akasema kwa sauti, na wote wakacheka.

Alikula pilau, akanawa, akaondoka na pikipiki yake kabla ya alasiri. Mlangoni mwa jiko alimpita binti yake aliyeshika sinia, akamwambia poleni, kama anavyoambiwa mtu yeyote.

Binti huyo ndiye pekee ambaye hakucheka mchana ule. Aliweka sinia chini akanijia. Toka ajue kusema hakuwahi kutamka neno kwangu bila kuanza na mama mdogo, na nililingoja hilo.

"Vua nguo za mama," akasema.

Bibi yake akamkemea, akamwambia mtani akizivaa amezichukua, ndiyo mila, asinivunjie heshima. Binti hakumgeukia. Alinyoosha mikono miwili mbele yangu. Nikavua futi, nikavua kitambaa cha kichwa, nikafungua kanga, nikampa kimoja kimoja, naye akavikunja juu ya mkono wake.

"Na uzi."

Nikampa na uzi. Akauviringisha kwenye kidole, akaingia ndani, akafunga mlango.